Trela Ndogo ya Kulala kwa Safari za Familia: Ipi Inafaa kwa Mwenye Fedha za Kawaida?

Mtu anayetafuta trela ndogo ya kulala kwa ajili ya safari za familia kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei, kisha huhesabu vitanda, kisha hupendezwa na jiko au rangi ya mapazia. Ningemshauri aanze na kibati cha chuma kilichopigiliwa ribiti karibu na mlango au kwenye fremu ya mbele, kwa sababu tarakimu zilizoandikwa pale ndizo zitakazoamua iwapo trela hiyo itaihudumia familia yake kwa miaka mingi au itaishia kuegeshwa uani ikiota kutu. Tathmini hii inalinganisha aina za trela ndogo ambazo mnunuzi mwenye fedha za kawaida hukutana nazo sokoni, nami natangulia kusema ninakoegemea: kwa wazazi wawili na watoto wawili wenye gari la kawaida, trela ya turubai inayokunjwa, iliyotumika lakini ikatunzwa, ndiyo inayotoa nafasi kubwa zaidi kwa fedha kidogo, na trela ya faiba, yaani yenye ganda la plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ndiyo inayoshinda iwapo familia ina subira ya kuitafuta na nia ya kukaa nayo muda mrefu. Hizo nyingine zina watu wake.

Kibati hicho huonyesha uzito wa juu ambao trela inaruhusiwa kuwa nao ikiwa imepakiwa kila kitu. Muuzaji, kwa upande wake, hupenda kutaja uzito mtupu, yaani uzito wa trela ilipotoka kiwandani, na mara nyingi uzito huo haujumuishi betri, mtungi wa gesi, maji wala kivuli cha turubai kilichoongezwa baadaye. Ukitoa uzito mtupu katika uzito wa juu unapata mzigo ambao familia inaruhusiwa kupakia, na hapo ndipo trela nyingi za bei nafuu zinapoumbuka. Tuchukue mfano wa trela yenye kikomo cha kilo 750 na uzito mtupu wa kilo 590. Zinabaki kilo 160, ambazo mtu akizisikia huona ni nyingi. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 huchukua kilo 25 au zaidi, mtungi mdogo wa chuma uliojaa gesi huchukua kama kilo 12, na maji lita 40 ni kilo 40, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Zimebaki kilo 83 kwa watu wanne, na humo yaingie mablanketi, nguo, sufuria, chakula, viti, meza ya nje na vile vitu ambavyo watoto hawakubali kuviacha nyumbani. Trela iliyotangazwa kuwa ya watu sita inaweza kabisa kuwa na vitanda sita na isiwe na ruhusa ya kubeba mizigo ya watu sita.

Hiyo tarakimu ya 750 sikuichagua ovyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, trela isiyozidi kilo 750 inaruhusiwa kutokuwa na breki zake yenyewe, na dereva mwenye leseni ya daraja B, yaani ya magari madogo, anaweza kuikokota bila ruhusa ya ziada; zaidi ya hapo, leseni hiyo inatosha tu iwapo gari na trela kwa pamoja havizidi kilo 3,500. Nchi nyingine zina mipaka tofauti, na ni wajibu wa mnunuzi kuijua ya kwao kabla ya kutoa fedha. Hata pale sheria inaporuhusu, napendelea trela yenye breki zake, kwa kuwa kilo mia saba zinazosukuma gari dogo kwenye mteremko mrefu si jambo la kuachia breki za gari peke yake.

Kwa upande wa gari, kitabu cha mwongozo hutaja mambo matatu ambayo watu huyachanganya: uzito wa trela yenye breki ambao gari linaweza kukokota, uzito wa trela isiyo na breki, ambao huwa mdogo sana, na uzito ambao mkono wa mbele wa trela, yaani chuma kinachoiunganisha na gari, unaruhusiwa kukandamiza kwenye kiungio cha nyuma ya gari. Hiki cha tatu ndicho kinachopuuzwa. Mkono wa trela unapokandamiza nyuma ya gari kwa kilo 70, kilo hizo huhesabiwa kama mzigo wa gari, ni sawa na kuongeza abiria mmoja. Na gari lenye watu wanne, mabegi kwenye buti na baiskeli juu ya paa linaweza kuvuka kikomo chake hata kama trela yenyewe iko ndani ya kikomo. Tena, injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari, hivyo familia inayopenda milima isinunue trela inayofikia ukingo wa uwezo wa gari lake.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa maana jambo la mkono wa mbele ndilo linalotenganisha safari tulivu na safari ya kutisha. Trela ambayo mbele yake ni nyepesi mno, yaani mizigo mingi imelundikwa nyuma ya ekseli, huwa tayari kuyumba: upepo wa lori linalopita au usukani uliogeuzwa ghafla huanzisha mtikisiko wa kushoto na kulia, na mtikisiko huo hukua wenyewe kadiri mwendo unavyozidi. Amerika Kaskazini, kanuni inayofuatwa ni kwamba mkono wa mbele ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ulaya, ambako magari ni madogo na viungio vyao mara nyingi huruhusu kilo 75 hadi 100 tu, hushauriwa asilimia 5 hadi 7 pamoja na mwendo wa chini zaidi. Kuupima hakuhitaji fundi. Weka mizani ya kawaida ya kujipimia uzito mahali tambarare, simamisha kipande cha mbao juu yake chenye urefu unaofikisha mkono wa trela kwenye kimo chake cha safari, teremsha mkono ukae juu ya mbao, kisha soma. Iwapo tarakimu ni ndogo, sogeza vitu vizito mbele au juu ya ekseli. Na usiruhusu kamwe baiskeli nne zining'inizwe nyuma ya trela ndogo, hata kama muuzaji anakupa chuma cha kuzifungia bure. Mtikisiko ukianza barabarani, dereva huondoa mguu kwenye mafuta polepole, hushika usukani uwe sawa, wala hapigi breki za ghafla, na hajaribu kuukimbia kwa kuongeza mwendo. Kwa hiyo nikiangalia mpangilio wa trela, swali langu la kwanza kuhusu tangi la maji na betri ni la mahali vilipowekwa. Trela yenye tangi nyuma kabisa ya ekseli hubadilika tabia kati ya siku tangi limejaa na siku limekauka.

Sasa aina zenyewe, nikianza na trela ya turubai inayokunjwa. Ikifungwa ni sanduku fupi ambalo dereva wa gari la kawaida anaweza kuona juu yake kupitia kioo cha nyuma, na kwa kuwa upepo haukutani na ukuta mrefu, mafuta yanayoongezeka ni machache kuliko kwa trela nyingine yoyote yenye vitanda vingi kiasi hicho. Ukifika, unazungusha mpini wa chuma, nyaya zinainua paa, kisha unavuta vitanda viwili, kimoja kila upande, na kuta za turubai zinanyooka. Vitanda hivyo viwili ni vya kudumu, maana yake meza ya katikati inabaki kuwa meza. Familia ya watu wanne hupata chumba cha wazazi upande mmoja, cha watoto upande wa pili, na mahali pa kukaa katikati, katika chombo ambacho kikiwa kimefungwa kinaweza kuegeshwa ndani ya gereji ya kawaida. Hakuna aina nyingine inayotoa hivyo kwa bei ya chini, hasa ikiwa imetumika.

Malipo yake ni kazi. Kuifungua vizuri, kuisawazisha, kushusha miguu ya pembeni na kufunga vishikizo vyote huchukua muda, na kazi hiyo hiyo ikifanywa usiku wakati wa mvua, watoto wakiwa na njaa, huipima ndoa. Turubai likikunjwa likiwa limelowa ni lazima lifunguliwe tena likauke ndani ya siku moja au mbili, la sivyo ukungu huanza kuota, na ukungu ulioingia katika nyuzi hautoki kwa sabuni. Mtu anayeishi mahali pasipo na nafasi ya kuifungua trela nyumbani ili aikaushe ajiulize mara mbili. Turubai pia halizuii kelele za majirani wala baridi kali. Upo na upungufu ambao hautajwi katika matangazo: ikiwa imefungwa, vitu vingi vilivyomo ndani havifikiki, hivyo mkisimama njiani kula chakula cha mchana, jiko na friji viko pale lakini haviwafai kitu. Katika maeneo yenye dubu, baadhi ya kambi hazikubali malazi ya turubai. Kambi ya Fishing Bridge katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kwa mfano, hupokea vyombo vyenye kuta ngumu tu. Kwa familia nyingi jambo hilo haliwahusu, lakini anayepanga safari za huko alijue mapema.

Trela yenye umbo la tone la maji nitaipitia haraka. Ilianza Marekani katika miaka ya 1930, watu wakiitengeneza wenyewe kwa michoro iliyochapishwa katika majarida ya mafundi wa nyumbani, na hadi leo ni nyepesi, nzuri kutazama, na rahisi kukokotwa na gari dogo. Ndani ni kitanda cha watu wawili basi. Jiko liko nyuma, chini ya kifuniko kinachofunguliwa kwenda juu, na mpishi husimama nje. Kwa wazazi wenye mtoto mchanga inaweza kutosha. Watoto wakishakuwa wawili wanaopiga mateke usingizini, mmoja wa wazazi atahamia kwenye hema, na hapo familia imenunua trela ili ilale kwenye hema. Picha zake zinauza sana, na naamini wengi wanaoinunua kwa ajili ya familia wamenunua picha.

Ipo ile inayokunjwa lakini ina kuta ngumu, ambayo ikifunguliwa huwa na paa la pembetatu. Aliner ya Marekani ndiyo inayofahamika zaidi katika kundi hilo. Faida yake ni kwamba husimama kwa dakika chache, haina turubai la kukausha, na ikiwa imefungwa ni fupi kama ile ya turubai. Hasara yake ni umbo lenyewe: mtu mzima husimama wima katikati tu, kuta zinapoinama nafasi inapotea, na nyingi zinatosha watu wawili na mtoto mmoja. Kuinua paa hilo kwenye upepo mkali kunahitaji watu wawili wenye kuelewana. Mpira wa kuzuia maji pale paa mbili zinapokutana ukizeeka, maji huingia hapo hapo. Kwa mzazi mmoja anayesafiri na mtoto mmoja au wawili wadogo, ningeiweka mbele ya zote.

Trela ya faiba inastahili maelezo marefu zaidi. Mwaka 1968, huko Winnipeg nchini Kanada, ilianza kutengenezwa trela ndogo iliyoitwa Boler, ambayo ganda lake lilikuwa vipande viwili vya faiba, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa katikati kama maganda ya yai. Wengine wakafuata: Scamp ya Backus, Minnesota, tangu miaka ya 1970, na Casita ya Texas tangu miaka ya 1980, na zote mbili zimejengwa juu ya wazo lile lile. Umuhimu wake kwa mnunuzi ni kwamba paa halina viungo. Trela nyingi hufa kwa maji yanayopenya kwenye viungo vya paa na pembe, kisha kuozesha mbao ndani ya kuta; ganda la faiba halina mbao ndani ya kuta zake, na mahali pa kuvuja ni madirisha, kitundu cha hewa cha paani na ribiti, ambavyo mtu mwenye bisibisi na gundi ya kuzuia maji anaweza kuvirekebisha. Ndiyo maana zipo Boler za miaka ya 1970 ambazo bado zinatembea barabarani.

Kwa familia, Scamp yenye urefu wa futi 13, yaani karibu mita 4 pamoja na mkono wake wa mbele, hutolewa kwa mipangilio miwili mikuu: mmoja una chumba kidogo cha choo na bafu mbele, na mwingine una kochi linalogeuka kuwa vitanda viwili vya kupandana vya watoto. Kwa watu wanne, mpangilio wa vitanda vya kupandana ndio wenye maana, na choo cha kubebeka kitakaa chini ya kiti. Hata hivyo vitanda hivyo ni vyembamba na vifupi, na mtoto aliyefikia kimo cha mama yake hatakuwa na raha humo. Udhaifu wa pili ni bei. Zikiwa mpya hazimo katika kundi la rahisi, na zilizotumika hazishuki bei kwa kasi, jambo linalomuumiza mnunuzi leo na kumfurahisha siku atakapouza. Ukichukua fedha ulizonunulia, ukatoa utakazopata ukiuza baada ya miaka kadhaa, trela ya faiba huweza kuwa ndiyo iliyokugharimu kidogo kuliko zote; lakini hesabu hiyo inamfaa mwenye fedha zote mkononi kuanzia siku ya kwanza, na si kila familia inazo.

Aina ya mwisho ndiyo inayoonekana zaidi katika matangazo: trela ndogo ya sanduku, yenye fremu ya mbao, plaiwudi ndani na bati la alumini au karatasi ya faiba nje. Kwa kila mita ya nafasi yenye kuta ngumu, hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Ina vitanda vya kupandana, jiko la ndani, wakati mwingine hata choo, na mtu mzima husimama wima popote. Sina ugomvi nayo ikiwa mpya na mwenye nayo anakagua gundi ya viungo vya paa kila mwaka. Ikiwa imetumika, iogope mpaka ikuthibitishie vinginevyo.

Kabla sijaeleza namna ya kuikagua, niseme jambo la vitanda, ambalo naliona kuwa muhimu kuliko jiko, friji na choo vikiwekwa pamoja. Katika trela nyingi ndogo, meza hushushwa usiku ikawa kitanda. Kwa wawili hilo si tatizo. Kwa familia yenye watoto wadogo maana yake ni kwamba, saa mbili usiku watoto wanapolazwa, meza imekwisha, taa imezimwa, na wazazi hawana pa kukaa isipokuwa nje. Na ikinyesha, nao hulala saa mbili. Asubuhi yule anayeamka mapema hawezi kupata chai mpaka wote waamke, mashuka yakunjwe na meza irudishwe. Kwa safari ya siku mbili ni kichekesho, kwa safari ya wiki mbili ni kero inayofanya watu waiuze trela. Kwa hiyo tafuta mpangilio ambamo angalau watoto wana vitanda vyao vya kudumu au wazazi wana chao, na meza inabaki. Pima vitanda kwa futi kamba, usiamini karatasi ya muuzaji: kitanda kinachoitwa cha watu wawili chenye upana wa sentimita 120 ni cha mtu mmoja na nusu. Vitanda vya juu vina kikomo cha uzito, nacho huandikwa.

Choo cha kudumu katika trela ndogo hugharimu kitanda kimoja, na kwa familia ninaona kitanda kina thamani zaidi. Jiko la ndani hutumika kidogo kuliko wanunuzi wanavyodhani, kwa kuwa joto na mvuke wa kupikia katika chumba kidogo hulowesha kuta na magodoro. Jiko la gesi linaloweza kutolewa nje linatosha.

Katika umeme, jihadhari na orodha ndefu. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, hivyo matumizi halisi ni kama ampea-saa 50. Friji ya umeme yenye kompresa inaweza kula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku ya joto, na zilizobaki ni za taa na simu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hutoa karibu mara mbili na ina uzito wa takriban nusu, jambo ambalo katika ile hesabu ya kilo 83 si dogo. Paneli ya sola inafaa kwa wanaokaa mahali pamoja siku kadhaa bila kuunganishwa na umeme wa kambi. Wanaohama kila siku wanaweza kuchaji kutoka kwenye gari. Friji inayoendeshwa kwa moto wa gesi, kwa upande wake, huhitaji trela ikae sawa ili ifanye kazi vizuri.

Kuhusu gesi sina mjadala. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukusanyika sakafuni, na ndiyo maana kabati la mtungi lazima liwe na matundu chini na kitambuzi cha gesi huwekwa karibu na sakafu. Hewa ya monoksaidi ya kaboni, inayotokana na moto usioungua vizuri, haina rangi wala harufu, na inahitaji kitambuzi chake. Trela isiyo na vitambuzi hivyo viwili iongezewe kabla ya usiku wa kwanza, na jiko lisitumike kupashia chumba joto.

Kukagua trela iliyotumika huanza na pua. Ingia, funga mlango, kaa kimya kidogo. Harufu ya uvundo haidanganyi, na harufu kali ya manukato mapya nayo ina lake la kusema. Bonyeza kuta kwa kidole gumba kwenye pembe za juu, chini ya kila dirisha, ndani ya makabati na sakafu karibu na mlango. Plaiwudi nzima hurudisha mkono, iliyooza hubonyea. Mafundi hutumia kipimo cha unyevu: chini ya asilimia 15 kwa kawaida hakuna tatizo, kati ya 15 na 20 panahitaji kuangaliwa, na zaidi ya hapo kuna maji yanayoingia mahali fulani. Doa moja la kahawia darini linaweza kuwa la zamani na limerekebishwa, lakini mwenye nalo aweze kukuonyesha palipozibwa.

Nje, lala chini utazame fremu. Kutu ya juu juu husafishwa. Kutu inayobanduka vipande kwenye maungio ya mkono wa mbele ni sababu ya kuondoka. Soma matairi, si unene wa kashata zake pekee. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na matairi ya trela huzeeka kwa kukaa juani kabla hayajaisha kwa kutembea. Wengi hushauri yabadilishwe baada ya miaka 5 hadi 7 hata kama yanaonekana mapya. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe na usikilize: beringi nzima iko kimya, iliyokwisha hukwaruza. Unganisha taa na gari lako mwenyewe, ujaribu indiketa na taa za breki. Kwa ile ya turubai, dai ifunguliwe yote na ifungwe tena mbele yako, ukitazama nyaya za kuinulia paa kama zina nyuzi zilizokatika, na zipu zote, na mishono, kwa sababu seti mpya ya turubai inaweza kula sehemu kubwa ya fedha ulizookoa kwa kununua iliyotumika. Linganisha namba ya fremu na hati. Muuzaji anayesema paa linafunguka vizuri ila leo hana nafasi ya kulifungua amekwisha kujibu.

Ongeza katika bajeti chuma cha kukokotea na nyaya zake za umeme, vioo vya pembeni vya kurefusha iwapo trela ni pana kuliko gari, minyororo ya usalama, tairi la akiba ambalo trela nyingi za bei nafuu huuzwa bila hilo, bima, na mahali pa kuiegesha. Vitu hivi vikijumlishwa huweza kufuta tofauti ya bei kati ya trela mbili uliyokuwa ukiibishania. Matengenezo ya kila mwaka si makubwa: grisi ya beringi, ukaguzi wa gundi ya viungo, breki, na kukaza nati za magurudumu, ambazo baada ya kufungwa upya hukazwa tena baada ya mwendo wa kilomita 80 hivi.

Familia ambayo haijawahi kulala ndani ya trela ikodi kwanza ya aina inayoitamani, hata kwa siku chache, na ichague kwa makusudi wakati wa mvua. Ikifika siku ya kununua, nendeni wote. Fungeni mlango, tandikeni vitanda vyote kama usiku, kila mtu alale mahali pake, kisha mmoja ajaribu kutoka kwenda chooni bila kuwakanyaga wengine. Muuzaji atasubiri nje.